Mikono Tunayo, Daftari Hatuna

Kila nikisema mbele za watu kwamba mimi ni mdukuzi, kuna mtu hupeleka mkono mfukoni kuhakikisha simu yake ipo. Mwingine huningoja hadi wenzetu waondoke, kisha aniulize kwa sauti ya chini kama naweza kumfungulia WhatsApp ya mkewe. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye kamati ya harusi hapa Kisumu, mtaani Migosi, na aliyeniuliza ndiye aliyekuwa mweka hazina.

Siwalaumu. Neno lenyewe lina harufu ya mtu aliyejibanza chini ya dirisha la jirani, katega sikio. Magazeti nayo yamelipa kazi moja tu. Pesa zikitoweka benki, ni wadukuzi. Tovuti ya wizara ikizimika, ni wadukuzi. Kijana akinaswa na laini mia mbili za simu ndani ya begi, naye ni mdukuzi, ilhali huyo ni tapeli wa kawaida aliyebadilisha chombo. Sheria ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inasema ukiingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa unaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au ufungwe miaka isiyozidi 3, au vyote viwili. Sina ugomvi na hilo. Mlango wa mtu ni wa mtu.

Udukuzi ninaotaka kuujadili ni ule wa zamani: kufungua kitu chako mwenyewe ili ujue kinavyofanya kazi, halafu kumwambia mwenzako ulichokiona. Nusu ya kwanza tunayo tele huku magharibi mwa Kenya. Nusu ya pili ndiyo imetushinda, na sababu zinazotolewa kila siku, kwamba hatuna vifaa au hatujasoma, mimi siziamini.

Nilianzia kwenye redio, kama wengi wa rika langu. Kwetu ni upande wa Maseno, pale ikweta inapokata barabara ya Busia. Baba alikuwa na redio ya mawe manne, yaani betri, mawe yale yenye picha ya paka. Kiwanda kilichoyatengeneza kilikuwa Nakuru, kikafanya kazi tangu 1967 hadi kilipofungwa 2014. Mawe yakichoka hatukuyatupa. Tuliyaanika juu ya bati kama omena, na kufikia jioni yalikuwa yamepata nguvu ya kutosha taarifa moja ya habari na salamu chache. Mama aliamini ni jua lenyewe lililoingia ndani ya mawe. Kumbe ni joto huchangamsha kemikali zilizosinzia, lakini mama hakuwa na haja ya maelezo yangu. Mawe yake yalifanya kazi.

Kuanika mawe kulijulikana katika kila boma. Hakuna aliyemficha jirani, kwa sababu hakuna aliyekula kutokana na siri hiyo. Tulishike hilo, nitalirudia.

Mchana redio ile ilikuwa na idhaa ya taifa na mkwaruzo. Jua likizama, mambo yalibadilika. Kampala ilijipenyeza, Dar es Salaam ikafuata, halafu lugha ambazo hakuna aliyezijua pale nyumbani. Baba alisema usiku sauti husafiri mbali kwa kuwa watu wamenyamaza. Nilimwamini hadi kidato cha tatu. Ukweli ni kwamba juu ya vichwa vyetu kuna matabaka ya hewa yaliyochajiwa na jua. Lile la chini kabisa, kama kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, hunyonya mawimbi ya kati wakati wa mchana. Usiku tabaka hilo hufifia, mawimbi yakapanda hadi matabaka ya juu zaidi, yakagonga huko na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikorushwa. Nilipoelewa hivyo sikulala. Kulikuwa na kioo angani muda wote huo, na sisi tulikuwa tunakitumia kila siku bila kumlipa mtu.

Hata ile Sauti ya Ujerumani ambayo baba aliifuata kama ibada ilikuwa na mtambo wa kuirusha uliokuwa Kigali, hadi 2015 ulipofungwa. Miaka yote nikidhani ni Mjerumani anayenifikia moja kwa moja kutoka kwao, kumbe huenda mara nyingi alikuwa anapitia kwa majirani.

Redio ilinifunza jambo ambalo kompyuta huchelewa kulifunza: kinachorushwa hewani kinamfikia kila mwenye antena. Wimbi halijui mteja. Mwaka 1903 jambo hili lilimwaibisha mtu mkubwa. Guglielmo Marconi, Mwitaliano mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, alikuwa amejigamba kwamba mtambo wake unaweza kulengwa kwa namna ambayo wengine hawataweza kuuingilia. Mwezi Juni, mwenzake John Ambrose Fleming alisimama mbele ya hadhira katika Royal Institution, London, akingoja ujumbe wa Marconi kutoka Poldhu, Cornwall. Kabla ujumbe haujafika, chombo kikaanza kugonga chenyewe kwa mfumo wa Morse, neno moja tena na tena, «panya» kwa Kiingereza, kisha shairi la kumkejeli Mwitaliano aliyewadanganya watu. Aliyeyafanya hayo alikuwa Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe aliyekuwa pia mjuzi wa redio, akiwa na mtambo wake jirani na hapo.

Wengi husimulia kisa hiki wakaishia kwenye kicheko. Mimi hunivutia kilichofuata. Fleming aliandika gazetini, katika The Times, akiomba wasomaji wamsaidie kumfichua mhuni huyo. Siku chache baadaye Maskelyne akajibu katika gazeti hilohilo, akaweka jina lake, akasema ni mimi, na hii ndiyo sababu: umma ulikuwa unaambiwa mfumo huu ni salama, na si salama. Mwizi huondoka kimya. Huyu alitia sahihi. Unaweza kumwita mfidhuli (na kweli alikuwa analipwa na kampuni ya telegrafu iliyokuwa na hofu ya kupoteza biashara), lakini alichokijua hakukiacha kife naye.

Sasa tuje Kibuye, soko la hapa Kisumu.

Nyuma ya safu ya wauza viatu vya mitumba kuna mzee anayetengeneza redio. Jumapili sokoni hapapitiki, kwa hiyo mimi huenda siku za kazi, nikiwa nimetoroka ofisini. Siku moja alikuja mama mmoja na redio ndogo ya Kichina, imekufa ganzi. Mzee aliiwasha, akaweka sikio kwenye spika. Hakuchukua mita ya kupimia umeme. Alichukua bisibisi, akashika chuma chake kwa kidole, akagusa kwa ncha mguu wa katikati wa swichi ya sauti. Spika ikalia: vuuuu.

"Huku chini kuzima," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Alichokifanya ni hiki. Mwili wa binadamu huokota umeme wa mjini ulioenea hewani, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mzee aliuingiza umeme huo mdogo katikati ya redio kwa kidole chake. Spika ilipolia, ilimaanisha kila kitu kuanzia swichi ya sauti hadi kwenye spika ni kizima, na ugonjwa uko upande wa pili, kati ya antena na swichi. Kwa mguso mmoja amefuta nusu ya redio. Akasogea katikati ya nusu iliyobaki, akagusa: krrk. Hapo pia pazima. Akasogea tena. Mguso wa tatu, kimya. Akainua kijiti cheusi cha antena, akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha waya mwembamba kuliko unywele, umekatika pale unapoingia kwenye bodi. Tone moja la lehemu, moshi kidogo, na mama akaondoka na habari za saa saba. Alilipa shilingi 150 baada ya kusema 100 mara tatu.

Ninaowafundisha programu hulipa pesa nyingi kujifunza hicho hicho. Msimbo wa mistari elfu moja una hitilafu mahali fulani. Mgeni huanza mstari wa kwanza na kusoma hadi macho yaume. Mwenye akili huugawa katikati, akajaribu, akatupa nusu iliyo nzima, akagawa tena. Hatua kumi zinatosha, kwa kuwa mbili ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi unapata 1,024. Nimewahi kuwatoa wanafunzi wawili darasani nikawapeleka kwa mzee yule wakaangalie bisibisi tu. Mmoja aliniambia baadaye kwamba ndiyo siku aliyoelewa somo. Mwingine alinunua viatu.

Kwa hiyo tusiambiwe eti hatuna wadukuzi. Tangu tukiwa na simu za kwanza mtu alijua kumbipu mwenzake ili ujumbe ufike bila senti kutoka. Watu walitumiana krediti kama pesa taslimu kabla M-Pesa haijazinduliwa mwaka 2007. Mkono wa kujaribu upo.

Tatizo nililiona siku nyingine, kwenye kibanda kilekile. Mzee pia huunda amplifaya za makanisa na za matanga. Alinipa moja niishike, kazi safi, waya zimenyooshwa kama safu za mahindi. Lakini vile vipande vyeusi vya saketi, ambavyo hutoka kiwandani na namba ya aina yake mgongoni, vyote vilikuwa vipara. Vimepigwa msasa.

"Mzee, namba zimeenda wapi?"

"Zimeenda shule." Akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. "Omera, wewe una mshahara. Mimi nina hii."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitabu vingi.

Tazama hadithi tunazosimuliwa za wadukuzi wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na chama cha wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT waliopenda treni za kuchezea. Juu ya meza kulikuwa na vijumba na reli. Chini ya meza, waya na swichi za simu zilizopangwa kwa ustadi wa ajabu. Hao wa chini ya meza ndio waliolipa neno udukuzi maana yake ya kwanza: ujanja wa kiufundi unaomfanya mjuzi mwenzako atabasamu. Walipofikia kompyuta, kila programu waliiacha kwenye droo ili anayekuja aiboreshe. Mwaka 1975, huko Menlo Park, California, kikaundwa chama cha wapenda kompyuta katika gereji ya Gordon French. Steve Wozniak, aliyepata leseni ya redio ya ridhaa (ya wanaorusha kwa mapenzi tu, si kwa malipo) akiwa bado shule ya msingi, aligawa humo michoro ya kompyuta aliyoibuni, ile iliyokuja kuitwa Apple I. Akaigawa bure.

Lakini mwezi ulipoisha, Wozniak alilipwa mshahara na Hewlett-Packard. Richard Stallman, aliyeanzisha harakati za programu huria mwaka 1983 baada ya kukatazwa msimbo wa printa ya maabara yao, alikuwa ameajiriwa MIT alipochukizwa. Linus Torvalds alipotangaza Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, katika nchi ambayo chuo kikuu hakimtozi mwananchi karo. Ukarimu wao ni wa kweli na nimeula matunda yake miaka ishirini. Ila ulikuwa umekalia kiti, na kiti hicho husahauliwa hadithi ikisimuliwa. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya hasira, akiwauliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu bila malipo ikiwa wao wananakili tu programu yake. Wadukuzi wengi wanamchukia kwa barua hiyo hadi leo. Mzee wangu wa Kibuye angeielewa neno kwa neno.

Ndiyo maana huwa nawaka ninapowasikia vijana wenye laptopu za laki moja wakisema mafundi wetu ni wachoyo. Uchoyo gani? Mtu asiye na bima, asiye na pensheni wala leseni ya ugunduzi, ana kitu kimoja cha kumtofautisha na kibanda cha pili, nacho ni namba iliyo mgongoni mwa kipande cheusi. Angekuwa na kingine angeitoa namba. Kuanika mawe tuliambizana kijiji kizima, kwa sababu hakukuwa na ugali ndani yake.

Hata hivyo, hapa sikubaliani na mzee, na nimemwambia. Msasa haumlindi kiasi anachodhani. Vibanda vitano mbele yake kuna kijana aliyeletewa redio ya aina ileile, waya ule ule umekatika mahali palepale, na akakaa nayo siku mbili. Huyo kijana hakumpokonya mzee mteja. Mteja alikaa siku mbili bila redio, halafu akanunua spika ya bluetooth. Siri ya mmoja imepunguza biashara ya wawili. Na anayejua namba si lazima ajue kazi: ukinipa orodha yote ya vipande vya ile amplifaya, yangu italia kama mbuzi. Ufundi wenyewe, yaani waya upite wapi na ardhi ya umeme iungwe wapi ili mlio usiingie kwenye spika, haupigiki msasa. Uko mkononi. Tumekuwa tukificha kile ambacho mtu angekipata kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli, Nairobi, na kile cha thamani kweli tunakiacha kizikwe na mwenyewe.

Mafundi wa simu angalau wameanza. Wale ninaowajua pale Oginga Odinga Street hutumiana picha za bodi kwenye simu, wakaulizana mkondo huu unaenda wapi. Ni jambo jema. Lakini ujumbe huzama. Swali lililojibiwa Machi linaulizwa tena Juni, na aliyelijibu amebadilisha laini. Mazungumzo mtaani tunayo. Daftari ndilo hatuna.

Wenzetu wa redio ya ridhaa waligundua hili mapema, na kwa maoni yangu kompyuta zilirithi kwao tabia nzuri kuliko zinavyokiri. Mtu wa redio ya ridhaa huweka kumbukumbu: saa, masafa, aliyezungumza naye, na jinsi sauti ilivyosikika. Akishaongea na mtu wa mbali, humpelekea kadi ya kuthibitisha. Kanuni za kimataifa zinamkataza kuficha maana ya anachokisema kwa mwenzake wa nchi nyingine. Ukiongea, ongea kwa namna ambayo yeyote anayesikiliza ataelewa. Na hatakiwi kulipwa kwa ujumbe anaoupeleka. Wayne Green, aliyekuwa akichapisha jarida la watu hao tangu 1960, ndiye aliyeanzisha jarida la Byte mwaka 1975, na kwa miaka mingi wapenda kompyuta walifunzana humo namna ya kuunda mashine, pamoja na michoro.

Kenya tuna nafasi yetu katika ulimwengu huo. Jina la kituo cha ridhaa cha hapa huanza na 5Z4; kabla ya uhuru ilikuwa VQ4. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini katika miaka yangu ya kuzungukia shule za huku, sijakutana na mwalimu wa fizikia aliyewahi kuwaambia wanafunzi kwamba kitu hicho kipo. Tunafundisha mawimbi ubaoni kwa chaki, mstari unaopanda na kushuka, na mlingoti wa redio unaonekana dirishani.

Kusikiliza, nashukuru, kumekuwa rahisi mno. Mwaka 2012 Mfini mmoja, Antti Palosaari, aliyekuwa akiandika programu za kuendeshea vifaa vya televisheni kwenye Linux (Wafini hawa sijui hulishwa nini), aligundua kwamba kidude cha USB cha kutazamia televisheni ya dijitali kinaweza kutoa mawimbi ghafi, kabla hayajachakatwa. Watengenezaji wake walikuwa wameiweka njia hiyo kwa ajili ya redio ya FM. Yeye angenyamaza akauza kifaa. Alisema, wengine wakaandika programu, wakazitoa bure, na kidude cha bei ya chakula cha mchana cha watu wachache hotelini kikawa redio inayosikia kuanzia takriban megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700. Kazi iliyokuwa ya koili na kapasita sasa inafanywa na hesabu ndani ya laptopu. Ninachokipenda ni kwamba ndani ya hesabu hizo unaikuta redio ya baba nzima: kuchuja, kushusha masafa, kutoa sauti. Mzee wa Kibuye nilipomchorea visanduku vyake alivitambua kimoja kimoja, akauliza mbona hakuna mahali pa kugusa kwa bisibisi.

Tulikiweka kidude hicho juu ya paa, mimi na vijana sita wa kidato cha nne. Antena ilikuwa vipande viwili vya waya mnene wa shaba, sentimita 53 kila kimoja, vimepigiliwa kwenye ubao vikiwa na pembe ya nyuzi 120 katikati. Tulikuwa tunangoja setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, NOAA 19, kwenye megahezi 137.1. Setilaiti ya aina hiyo hupita juu kama kilomita 850, na kutoka inapochomoza hadi inapozama unayo dakika kumi hadi kumi na tano. Kwanza ni mkwaruzo mtupu. Halafu ndani ya mkwaruzo ukaanza mlio wa tik-tok, tik-tok, kama saa ya ukutani inayokimbia, mara mbili kwa sekunde, na kila tik-tok moja ikawa mstari mmoja wa picha kwenye skrini. Mwanzo ilikuwa Zambia, au tuseme mawingu ya Zambia. Mstari juu ya mstari. Kisha doa kubwa jeusi likaanza kutokea na msichana mmoja akasema polepole, "Hiyo ni Nam." Ziwa lenyewe, Viktoria.

Kila nukta ya picha ile ni takriban kilomita nne kwa nne, hivyo Kisumu nzima ilikuwa vinukta vichache tusivyoweza kuvitenga. Lakini tulichokiona kilitosha. Ilikuwa alasiri: juu ya ziwa hakuna wingu, na upande wa nchi kavu, kuelekea Nandi na Kericho, mawingu yamejipanga kama ukuta. Picha ya asubuhi tuliyoipata wiki iliyofuata ilikuwa kinyume chake, mawingu juu ya maji na nchi kavu wazi. Mchana upepo hutoka ziwani ukapanda nchi kavu na kujenga radi huko. Usiku upepo hugeuka, na radi hujengwa ziwani. Wavuvi wa omena wa Dunga wanalijua hilo kwa ngozi zao, maana wao ndio huwa majini na taa usiku. Mmoja alituambia huwasha redio ya mawimbi ya kati mtumbwini si kwa muziki bali kusikiliza mkwaruzo: ukianza kupasuka paa-paa, radi iko mbali bado lakini inakuja, unakunja wavu. Setilaiti ya mamilioni ya dola na redio ya mawe mawili zilikuwa zinasema jambo moja.

Mimi mwenyewe radi imenilia ruta mbili na laptopu, kwa hiyo antena ile tuliishusha kila mara anga lilipotia weusi. Anayetaka kutuiga na asishushe, shauri yake.

NOAA 19 ilizimwa Agosti 2025, na NOAA 15, iliyokuwa angani tangu 1998, ikazimwa mwezi huo huo. Tik-tok haipo tena. Za Warusi, Meteor, bado zinapita kwenye masafa ya jirani na picha zake ni kali zaidi, ila ni za dijitali. Sikio halioni kitu, ni mvumo tu. Vijana walisikitika kuliko nilivyotarajia.

Jambo moja lilinisumbua kuhusu vijana wale. Wote sita walikuwa na simu. Wanne kati yao walitumia simu zilizonunuliwa na wazazi kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na simu hizo hujifunga zenyewe malipo yakikosekana. Ndani ya kila moja kuna kiini cha Linux, msimbo ulio wazi kwa dunia yote, uliotokana na kijana wa Helsinki aliyetoa kazi yake bure. Na mwenye simu haruhusiwi kubadilisha hata namna inavyowaka. Mkopeshaji ana sababu zake, deni ni deni. Lakini hicho ndicho chombo cha kwanza cha kompyuta anachokishika mtoto wa Nyalenda au wa Bondeni kule Nakuru, na somo la kwanza kinalompa ni kwamba ndani si pake. Redio ya baba ilikuwa na skrubu nne nyuma. Nilizifungua nikiwa na miaka tisa, nikachapwa, nikazifungua tena.

Kwa hiyo pesa za kaunti za kuwekea maabara za kompyuta zikiniuliza mimi, nusu yake ingeenda kwenye vitu vyenye skrubu. Na kiasi kidogo, kidogo kabisa, kingeenda kuwalipa watu kama mzee yule kwa kila ukurasa wanaoufungua vichwani mwao: hitilafu ilikuwa hii, niliipata hivi, usifanye vile. Nasema kuwalipa. Kuwahubiria kuhusu kushirikiana tumejaribu, na mhubiri alikuwa na mshahara.

Mwezi uliopita nilienda na daftari, lile la kurasa mia mbili. Nilikuwa nimechora ile amplifaya kwa kukisia, vipande vipara nikaviandikia namba nilizodhani ndizo. Mzee akavaa miwani, akaitazama michoro yangu muda mrefu, kama mwalimu mwenye insha mbaya mkononi. Akachukua kalamu yangu. Akakata rezista moja, akaandika thamani nyingine. Akachora upya mahali ardhi ya umeme inapoungwa, akaweka nyota pembeni. Alipofika kwenye vile vipande vyeusi akasita, akaniangalia juu ya miwani, kisha akaandika namba ya kimoja. Kimoja tu.

"Ukurasa huu ni mia tano," akasema.

Nikatoa mia tano. Akaigeuza kwenye mwanga kuona kama ni halali, akaitia mfukoni, akanirudishia daftari likiwa wazi kwenye ukurasa wa pili.